Amplifaya na maboksi ya besi kwa shoo: jinsi ya kuchagua na kuunganisha

Mpiga besi anayetafuta vyombo vyake vya kwanza karibu kila mara huanza na swali la wati. Ni wati ngapi? Mia tatu zinatosha, au nitafute mia nane? Swali hilo lina nafasi yake, ila si la kwanza. Besi inayosikika hutoka kwenye koni inayosukuma hewa ndani ya boksi lililotengenezwa vizuri. Amplifaya kazi yake ni kuipa koni hiyo nguvu. Kwa hiyo chagua boksi kwanza, piga hesabu ya omu (kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme), ndipo utafute amplifaya ya kulisukuma. Anayefuata mpangilio huu hutumia pesa kidogo na husikika zaidi ya jirani yake aliyekimbilia wati.

Ninaposema hedi nina maana ya amplifaya isiyo na spika. Boksi ni kasha lenye spika tu, na kombo ni hedi na spika ndani ya kasha moja.

Hatua ya 1: Zijue shoo zako

Kabla ya kwenda dukani, andika shoo zako za kawaida: ukubwa wa ukumbi, kama kuna drums kamili, mitambo ya mbele (spika zinazowaelekea watu) ikoje, na vyombo vinasafiri na nini. Mpiga besi wa kwaya ambaye gitaa lake linaingia moja kwa moja kwenye miksa ya kanisa anahitaji boksi moja dogo la kujisikia mwenyewe. Mpiga besi wa bendi ya dansi kwenye baa ya wazi, ambako mitambo ya mbele ni spika mbili za kubeba sauti za waimbaji tu, anabeba besi ya ukumbi mzima peke yake. Wawili hawa hawawezi kununua kitu kimoja.

Kwa makadirio ya kuanzia, mazoezi na shoo ndogo zisizo na drums nzito zinatosheka na kombo ya wati 100 hadi 150. Penye drums, tumba, magitaa matatu na kinanda, anzia wati 300 na koni zisizopungua mbili za inchi 12 au nne za inchi 10. Harusi ya chini ya turubai au tamasha la uwanjani ni jambo jingine. Huko hakuna kuta wala dari ya kurudisha mawimbi ya besi, na sauti iliyokuwa inatikisa ukumbi jana inapotea hewani. Utahitaji wati 500 na zaidi na maboksi mawili, au upitishe besi kwenye mitambo yenye sabufa za kutosha. Mimi huchagua sabufa kila zinapokuwepo, kwa sababu fundi mitambo anaweza kusambaza besi kwa watu wote sawasawa, kazi ambayo boksi lililo nyuma ya mpigaji haliwezi kuifanya.

Usafiri usiuache mwishoni. Hedi nyingi za kisasa za daraja D (aina ya saketi nyepesi isiyopoteza umeme mwingi) zina uzito wa kilo 2 au 3, na boksi la koni moja ya inchi 12 lenye sumaku ya neodimiamu hubebwa kwa mkono mmoja. Maboksi mawili ya aina hiyo, hedi ndani ya begi na gitaa mgongoni vinaingia kwenye bajaji moja. Kwa upande mwingine, boksi maarufu la Ampeg la koni nane za inchi 10, ambalo limesimama nyuma ya wapiga besi wa rock tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, lina kilo 63 hivi. Bila gari la vyombo na watu wa kunyanyua, halikufai hata ukipewa bure.

Hatua ya 2: Chagua boksi

Geuza boksi usome kibandiko cha nyuma. Namba tatu ndizo muhimu: omu, wati za RMS (nguvu ambayo boksi linavumilia mfululizo), na desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) zinazotoka kwa wati moja ukipima umbali wa mita moja. Hii ya tatu wengi huipita, nayo ndiyo inayosema boksi lina sauti kiasi gani. Boksi la desibeli 100 likilishwa wati 250 linafikia sauti ile ile ya boksi la desibeli 97 linalolishwa wati 500. Tofauti ya desibeli 3 ni sawa na kununua hedi yenye nguvu mara mbili. Ukiona kibandiko kinajitangaza kwa maelfu ya PMPO (wati za kilele cha kukadiria tu) bila kutaja RMS, achana nacho. Namba hizo ni za kuuzia redio.

Watu wengi husema inchi 15 ni ya besi nzito na inchi 10 ni ya besi kavu. Hilo si sahihi. Uzito wa sauti unategemea ujazo wa boksi, tundu la hewa lilivyopimwa na spika yenyewe ilivyoundwa. Zipo inchi 10 zinazoshuka chini kuliko inchi 15 za bei rahisi. Inchi 12 mbili zimekuwa chaguo la wengi kwa sababu ni nyepesi na sauti yake iko katikati, wala si kwa sababu ya muujiza wa inchi.

Tena, usihangaike na boksi "linaloshuka" mpaka mwisho. Uzi wa E wa gitaa la besi ukipigwa wazi unatoa Hezi 41 (mitetemo 41 kwa sekunde), na uzi wa B wa gitaa la nyuzi tano unatoa Hezi 31. Lile boksi la Ampeg la koni nane, kwa vipimo vya watengenezaji wenyewe, linaanza kupungua chini ya Hezi 58, na hakuna aliyewahi kulilalamikia kwamba halina besi. Sikio linaipata noti kwa oktava ya juu yake, Hezi 82, ambayo imo ndani ya kila mpigo wa E. Kinachokupa besi ya kueleweka jukwaani ni nguvu kati ya Hezi 60 na 800. Kilicho chini ya hapo kwa sehemu kubwa hula wati na kuchosha koni.

Ukinunua boksi lililotumika, nenda na mita ya fundi umeme na betri ya volti 9. Weka mita kwenye kipimo cha omu, gusa ncha mbili za tundu la spika. Boksi la omu 8 husoma kati ya 5.5 na 7, la omu 4 husoma 3 na ushei. Mita ikisoma chini kuliko kibandiko namna hiyo ni kawaida, kwa sababu inapima ukinzani wa koili bila sauti kupita. Ikisoma sifuri, ndani kuna shoti. Isiposoma kabisa, koili imekatika au waya umechomoka. Boksi la koni nne la omu 8 likikusomea 12 hivi, huenda koni moja imekufa na kuizima mwenzake, maana mara nyingi huungwa mbili mbili kwa mfululizo, umeme ukipita moja ndipo uingie nyingine. Kisha sukuma koni ndani taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, pande zote kwa usawa. Ikienda kimya, ni nzima. Ukisikia mkwaruzo kama wa mchanga, koili inagusa sumaku na siku zake zimehesabika. Mwisho gusisha betri kwa nukta moja: chanya ya betri kwenye chanya ya boksi. Koni inatakiwa itoke nje. Ikiingia ndani, kuna mtu aliwahi kugeuza nyaya. Boksi hilo likiwa peke yake hutagundua kitu, lakini ukiliunganisha na lingine, koni za moja zitavuta hewa wakati za jingine zinasukuma na besi itakauka papo hapo.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya omu

Hapa ndipo hedi nyingi huungulia, na hesabu yenyewe ni ya darasa la sita.

Matundu ya nyuma ya boksi la besi, na matundu mawili ya spika kwenye hedi, kwa kawaida yameungwa sambamba, yaani kila boksi linapata umeme wake moja kwa moja kutoka kwenye hedi. Ukiunga maboksi sambamba, omu zinapungua. Mawili ya omu 8 yanakuwa omu 4. Mawili ya omu 4 yanakuwa omu 2. Matatu ya omu 8 yanakuwa 2.67. Yakiwa tofauti, zidisha namba zake kisha gawanya kwa jumla yake: 8 mara 4 ni 32, gawanya kwa 12, unapata 2.67.

Sasa soma hedi. Itaandikwa kiwango cha chini cha omu, mara nyingi 4, baadhi 2.67 au 2. Jumla ya maboksi yako isishuke chini ya hapo. Ikishuka, hedi inatoa mkondo mkubwa kuliko uwezo wake: yenye kinga nzuri itajizima katikati ya wimbo, isiyo nayo itaunguza transista za kutolea nguvu. Kwenda juu ya kiwango hakuna madhara kwa hedi za transista na za daraja D. Unapoteza wati kiasi tu. Hedi ya wati 500 kwa omu 4 hutoa kati ya 250 na 300 kwa omu 8.

Kutokana na hesabu hii, ushauri wangu kwa anayejenga vyombo kidogo kidogo ni huu: nunua boksi la omu 8, usinunue la omu 4. Leo linapiga peke yake, kesho pesa ikipatikana unaongeza la pili la aina ile ile na hedi yako ya omu 4 inatoa nguvu yake yote. Aliyeanza na la omu 4 amefunga mlango, labda awe na hedi inayovumilia omu 2.

Hedi za valvu, yaani zinazokuza sauti kwa taa za kioo badala ya transista, zina sheria zake. Ndani zina transfoma ya kutokea, na swichi ya omu ya nyuma lazima ilingane na boksi. Usiiwashe kamwe bila boksi kuunganishwa, hata kwa dakika moja ya kujaribu, kwa sababu transfoma inaweza kuungua.

Hatua ya 4: Sasa hedi

Ukishajua omu na wati za maboksi yako, hedi inajichagua. Tafuta inayotoa wati zinazokaribia RMS ya maboksi kwa omu zile zile. Ikizidi kidogo, si vibaya kwa mpigaji mwenye masikio, maana hedi yenye akiba haikwaruzi mpigo mzito unapokuja. Ikizidi mara mbili, kuna usiku mmoja mtu ataigeuza nobu mpaka mwisho na boksi litakufa.

Ielewe pia maana ya kuongeza wati. Kuzidisha wati mara mbili kunaongeza desibeli 3, kiasi ambacho sikio linakitambua kwa shida kidogo kwenye kelele ya bendi. Ili sauti ionekane imekuwa maradufu unahitaji desibeli 10 hivi, yaani wati mara kumi. Ukiwa na hedi ya 500 na boksi moja la omu 8, ukaongeza boksi la pili linalofanana nalo, unapata karibu desibeli 6: tatu kwa sababu hedi sasa inatoa nguvu yake kamili kwa omu 4, na tatu nyingine kwa sababu eneo la koni limekuwa maradufu. Boksi la pili linashinda hedi kubwa zaidi, karibu kila mara.

Kwenye uso wa hedi tafuta vitu viwili: tundu la DI la XLR (la pini tatu, la kupeleka besi moja kwa moja kwenye miksa) lenye swichi ya kabla au baada ya toni, na kichujio cha kukata sauti za chini sana. Kichujio hicho kikiwekwa Hezi 35 au 40 kinaiokoa koni ya boksi lenye tundu la hewa, kwa sababu chini ya masafa ambayo boksi lilipimiwa, hewa ya ndani haiizuii tena koni na inapepea ovyo bila kutoa sauti ya maana.

Hatua ya 5: Kuoanisha maboksi

Kanuni iliyo salama ni maboksi mawili ya kampuni moja na modeli moja. Yanapokea nguvu sawa, yanasukuma hewa kwa pamoja, na sauti unayoijua kwenye moja unaipata kwenye mawili.

Mtindo wa zamani wa kuweka inchi 10 nne juu ya inchi 15 moja bado unaonekana, na unapendeza machoni. Tazama nguvu inavyogawanyika. Yote yakiwa omu 8 na hedi inatoa wati 400, kila boksi linapata 200. Zile inchi 10 nne zinagawana, 50 kwa kila koni. Ile inchi 15 inazimeza zote 200 peke yake. Itakuwa ya kwanza kuchoka na ya kwanza kupasuka, wakati wenzake hata hawajaanza jasho. Wala si kweli kwamba ya 15 inachukua sauti za chini na za 10 zinachukua za juu. Bila kigawanyo cha masafa kati yao, kila boksi linapokea sauti yote, na penye tofauti za muundo baadhi ya noti zinakutana kinyume na kufifia. Ukiwa tayari unayo maboksi ya namna hii, yatumie, ila sikiliza ya 15 na uishushe hedi mara inapoanza kukohoa.

Ukichanganya omu 8 na omu 4, hedi ikiwa inaruhusu, kumbuka la omu 4 linapokea theluthi mbili za nguvu. Kwa hedi ya wati 500 ni 333 hivi, na jingine 167. Hakikisha la omu 4 ndilo lenye uwezo mkubwa.

Yapange moja juu ya jingine, usiyaweke ubavu kwa ubavu. Yakisimama, koni za juu zinakaribia masikio yako na sauti inatawanyika vizuri kulia na kushoto. Yakilala ubavuni, mtu aliye mbele yako anasikia besi moja na aliye pembeni anasikia nyingine.

Hatua ya 6: Waya na umeme

Waya wa gitaa hautumiki kwenye spika, hata kama ncha zake zinaingia. Ndani yake kuna uzi mwembamba mmoja uliozungushiwa kinga. Mkondo wa spika unaupasha moto, plastiki inayeyuka, shoti inafuata na hedi inaondoka nayo. Waya wa spika una nyaya mbili nene zinazolingana. Waya laini wa nyuzinyuzi wa milimita 2.5 unaouzwa maduka ya umeme unafaa kabisa, ukifungwa kwenye plagi za Speakon. Plagi hizo hujifunga kwa kuzungusha na haziwezi kutengeneza shoti wakati wa kuchomeka, tofauti na jeki. Hedi nyingi za daraja D zina umeme kwenye nyaya zote mbili za spika, kwa hiyo usiuunganishe wowote na ardhi wala na kisanduku cha DI.

Umeme wetu Tanzania na Kenya ni volti 230 hadi 240. Chombo kilichotoka Marekani kinaweza kuwa cha volti 120, na kukichomeka ukutani ni kukiua. Soma nyuma: kikiandikwa 100–240 hakina tatizo, kikiwa na swichi igeuze kabla ya kuchomeka, kikiwa cha 120 tu utahitaji transfoma ya kushusha. Penye jenereta, iache ingurume na kutulia kwanza ndipo uwashe hedi, na usipige inapobadilishwa kutoka umeme wa kawaida.

Pini ya ardhi usiikate. Najua inakatwa ili kuondoa muungurumo, na najua watu wanavyorushwa midomo kwenye maikrofoni baada ya hapo. Muungurumo unaondolewa kwa swichi ya kutenganisha ardhi iliyo kando ya tundu la DI, na kwa kuchomeka vyombo vyote vya jukwaani kwenye chanzo kimoja cha umeme.

Hatua ya 7: Jukwaani

Anza na sauti ya chini. Mpe fundi mitambo DI iliyowekwa kabla ya toni, ili ukigeuza nobu zako usimharibie miksa ya mbele. Boksi lako liwe la kukusikilizisha wewe, mpiga drums na magitaa.

Boksi likikaribia ukuta besi inaongezeka, kwenye kona inaongezeka zaidi. Nje bila mitambo ya kutosha, tumia ukuta wowote uliopo. Kwenye ukumbi wenye bati na sakafu ya vigae, livute mbele. Jukwaa la mbao lenye uwazi chini hutetemeka na boksi na kuvimbisha noti fulani. Liinue juu ya kreti la soda na sauti itasafika.

Kwenye nobu za toni, anzia zote katikati. Kishawishi kikubwa ni kuinua chini, kuinua juu na kuchimba katikati, kwa sababu nyumbani sauti hiyo ni tamu. Bendi ikiingia, inazama. Kwenye rumba na benga besi inaruka, noti zake ni fupi na zina nafasi kati yake, na sebene likianza magitaa yote yanapanda juu. Ukiinua kidogo kati ya Hezi 400 na 800, kila noti inaonekana bila wewe kugusa nobu ya sauti. Ukumbi ukivuma, punguza Hezi 100 hadi 200 kabla hujafikiria kingine. Umwombe mwenzako apige hata nyuzi mbili za kawaida, wewe uende ulipo watu usikilize.

Ukimaliza, shusha sauti, zima hedi, ndipo uchomoe nyaya. Kwenye begi weka waya wa spika wa akiba, betri ya gitaa kama lina saketi ya umeme, na fyuzi mbili zenye namba ile ile iliyoandikwa nyuma ya hedi. Fyuzi kubwa zaidi usiweke, wala usifunge karatasi ya sigara. Ikikatika ya pili kwenye usiku mmoja, ingia kwenye mitambo kwa DI na hedi ipelekwe kwa fundi asubuhi.